Madaftari Manane ya Mwalimu Remedios

Mwalimu Remedios amefariki, na shule aliyokuwa akifundisha inataka kumwekea kibao ukutani. Habari hizo mbili zilinifikia pamoja, Jumanne asubuhi, dukani kwangu hapa Same, mteja akiwa amesimama mbele yangu na kiatu kimoja mkononi. Aliyeniandikia ni Lucía, binti wa mdogo wake, kwa Kiingereza cha shule kama changu. Alisema mama yake mkubwa alikufa usingizini, mji mzima ukamsindikiza kwa miguu hadi makaburini kule juu, na sasa wamempata fundi wa mawe achonge maneno haya: Hapa alifundisha Remedios, aliyeandika historia na jiografia ya mji wetu katika madaftari manane, yakachomwa moto na watu wa afya huko Guangzhou, China. Lucía alitaka nimhakikishie mambo mawili tu, mwaka na tahajia ya jina la Guangzhou, kwa kuwa mimi ndiye shahidi pekee waliye naye. Mteja akaniuliza, "Mama, namba thelathini na tisa ipo?" Nikamjibu haipo, na maboksi ya thelathini na tisa yalikuwa nyuma yangu yamepangwa hadi darini. Akaondoka. Nikafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata siku za msiba, nikakaa kwenye benchi la kujaribia viatu na hasira niliyoizoea kwa miaka kumi na sita, ila safari hii nilikuwa najua inamhusu nani.

Mwaka ule nimeusimulia mara nyingi, siku zote kwa namna inayonipendeza mimi, kwa hiyo leo nitausimulia taratibu. Nilifika Guangzhou mwishoni mwa mwaka wa michezo ya Beijing, nikiwa na miaka thelathini na viza ya siku thelathini, kuwanunulia viatu na nguo akina mama wafanyabiashara wa Same na Moshi ambao hawakuweza kusafiri wenyewe. Nilipanga kitanda kwa Maman Clémence, ghorofa ya saba, nyuma ya maduka ya jumla ya barabara ya Zhanqian, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa ya kuhifadhia mifagio. Maman Clémence alikuwa mfanyabiashara wa Lubumbashi, mpana wa mabega na wa moyo, aliyekodi nyumba nzima akaigawa kwa mbao nyembamba kiasi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinua sauti. Sebule ilikuwa stoo ya maboksi. Maisha yote yalikuwa jikoni, kwenye meza moja ya plastiki chini ya dirisha lililotazamana na ukuta. Hapo tulikula, tulikunja sampuli, tulisali Jumapili zile ambazo hatukuthubutu kutoka nje. Na hapo ndipo nilipomkuta mwanamke mwembamba wa karibu miaka sitini, nywele kazifunga kisogoni, akiandika kwenye daftari la shule kwa kalamu ya risasi, mkono wa kushoto umeufunika ukurasa kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu.

Huyo alikuwa Remedios, mwalimu mstaafu wa historia na jiografia kutoka mji mdogo wa mlimani huko Mexico. Mpwa wake aliagiza zipu na vifungo kutoka Guangzhou, na baada ya kutapeliwa vya kutosha aliamua kumweka shangazi yake huko awe mkaguzi: anakwenda sokoni, anavuta zipu mojamoja, akiridhika ndipo mzigo unafungwa. Alikuwa amefika Agosti, kabla yangu. Kihispania chake hakuna aliyekijua, Kiingereza chake kilikuwa haba, na kwa kuwa jikoni palizungumzwa Kiswahili, alijifunza Kiswahili, tena cha Lubumbashi, kwa kumsikiliza Maman Clémence. Nilicheka mpaka nikashika ukuta nilipomsikia mara ya kwanza akimjibu mtu mlangoni, "Banatoka, batarudia saa sita." Kitu pekee walichogombania wawili hao ni mahindi. Remedios alitaka kupika mikate yake ya kwao, na mikate hiyo, alisema, haiwezi kutoka kwenye unga wa bukari, ambao ndio ugali wetu, kwa sababu mahindi lazima yachemshwe kwanza na chokaa.

"Chokaa?" Maman Clémence aliweka mwiko chini. "Ile ya kupaka ku nyumba? Non, non. Mu sufuria yangu, jamais."

"Kwetu tunakula vile tangu zamani ya zamani," alisema Remedios.

"Basi ndani ya tumbo yenu iko ukuta."

Hawakusemeshana siku mbili. Siku ya tatu Remedios alikuta juu ya meza pakiti ya chokaa ya chakula, ambayo Maman Clémence alikuwa ameisaka soko zima bila kumwambia mtu. Mikate tuliila kwa sombe, yaani kisamvu, na nilichukua ya tatu kabla hawajanikaribisha.

Mji wake unaitwa Santa Brígida de la Cuesta. Cuesta, alinifafanulia, ni mpando au mteremko, inategemea unarudi nyumbani au unatoka. Aliujenga mbele yangu kwenye meza ile, siku ya mvua ambayo sokoni hapakuendeka. Kibao cha kukatia mboga alikiegemeza kwenye sufuria, huo ukawa mlima. Maharage yakawa nyumba, yamepangwa safu juu ya safu, maana kule paa la jirani wa chini ndilo ua wa jirani wa juu, na kuku wakidondoka hugombaniwa. Uzi mwekundu ukawa njia ya ngazi, wa buluu mfereji. Juu kabisa akaweka kikombe. "Ojo de Agua," alisema. "Ojo ni jicho. Jicho ya maji." Nikamwambia hata sisi chemchemi tunaiita jicho la maji. Akaacha kila kitu, akatoa kalamu nyuma ya sikio, akaliandika hilo daftarini. Kisha akaeleza jinsi maji yanavyoshuka kwa zamu, mtaa wa juu Jumatatu, mtaa wa kanisa Jumanne, na jinsi mwenye kuvunja zamu anavyotengwa hata harusini. Nikacheka, kwa sababu Upareni kwetu ni vivyo hivyo. Tuna ndiva, bwawa la udongo na mawe ambalo mababu walilichimba juu ya mashamba, linajaa usiku na kufunguliwa asubuhi, na zamu yako ikiibiwa unaweza kumshika mtu kwa jembe.

"Nani alichimba?" akaniuliza.

"Mababu. Sijui ni akina nani."

"Nani anaandika juu yake?"

"Simjui aliyeandika, Mwalimu."

"Ebu! Na weye ulisoma jiografia?"

Nilisoma, tena nilifaulu vizuri. Nikamtajia: ngano ya Kanada, makaa ya mawe ya Ruhr, bandari ya Rotterdam. Nikamwambia naweza kuuchora mto Rhine na vijito vyake nikiwa nimefumba macho. Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kejeli. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Miaka minne ya sekondari nilikaa kwenye darasa ambalo dirisha lake lilitazama ndiva, maji yanang'aa pale chini, na hakuna siku hata moja mwalimu alituambia tutoke tukaitazame. Walitufundisha Wajerumani wanavyopitisha mashua. Nilikuja kujifunza kuiuliza nchi yangu maswali nikiwa ghorofa ya saba nchini China, kwa mwanamke wa Mexico, kwa Kiswahili cha Kongo.

Historia ya mji aliisimulia vipande vipande, mimi nikikunja blauzi. Ilianza na fedha, madini ya fedha, na kampuni ya wageni iliyochimba mashimo chini ya miguu ya watu. Mashimo yakakata mshipa wa chemchemi ya katikati, ikakauka. Wanawake wakashuka na mitungi mitupu wakaketi mbele ya lango la mgodi, wakapika hapo, wakanyonyesha hapo, mpaka kampuni ikaleta bomba. Bomba likaja, maji yakaja na ladha ya chuma. Fedha ilipokwisha kampuni ikaondoka na pampu zake. Miaka michache baadaye, masika moja, mtaa wa chini kabisa uliteleza na kuzama, nyumba kumi na nne kwa asubuhi moja, kwa sababu chini yake palikuwa pamebaki tundu. Serikali ikaandika kwamba ni mvua. Ramani mpya ilipotoka, mtaa ule haukuwemo, na kizazi kilichofuata kikaambiwa pale palikuwa na korongo tangu zamani. Hapo sauti ya Remedios ilibadilika kila mara. Alitumia likizo zake zote za ualimu kukaa na wazee waliobaki, akiwauliza nani alilala kwenye nyumba ipi, mlango ulikuwa rangi gani, walipika nini Jumapili. Hayo yalikuwa kwenye daftari la sita. Wazee wenyewe walikuwa wamekwisha kufa. "Miye nikikufa na hii daftari ikipotea," alisema, akiweka maharage kumi na nne kwenye ukingo wa kibao, "serikali itakuwa imesema kweli. Ilikuwa korongo." Kisha akayataja, harage kwa harage. Nyumba ya fundi viatu kiziwi. Nyumba ya dada wawili wa mikate. Nilimsikiliza kwa sikio moja, la pili lilikuwa mlangoni.

Lilikuwa mlangoni kwa sababu ya ukaguzi. Viza yangu waliiongeza mara mbili, ya tatu msichana wa dirishani akasema "meiyo", hakuna, bila kuinua macho, na aliposema meiyo nilikuwa na oda za watu ambazo hazijafika hata nusu. Nikabaki. Tulibaki wengi. Mwaka ule walitusaka barabarani kama kuku wa kitoweo. Unatoka stesheni ya treni na katoni mbili za viatu, vijana wawili wenye sare wanaziba njia, "Huzhao! Huzhao!", wakitaka pasipoti, na Mzungu aliye nyuma yako anapita akila barafu. Hawakuuliza unafanya kazi gani wala unauguza nani. Waliuliza rangi, kisha kijitabu. Kulikuwa na watu walioruka madirishani kwa hofu. Sisi kwa Maman Clémence tulikuwa na mazoea yetu: akibisha mtu asiyetarajiwa, asiye na viza anaingia bafuni na kuacha mlango wazi kidogo ili ionekane hamna mtu, na kitu chochote cha thamani kinatoka nyumbani kwenda kwenye mzigo. Hilo ndilo lilikuwa fundisho la kwanza la mfanyabiashara mgeni. Chumbani wanapekua, mwilini wanapekua, lakini katoni iliyofungwa kwa gundi na kuandikwa jina lako itafika. Nililiamini kama Amri ya Kumi na Moja.

Ugonjwa wa mafua ya nguruwe uliposikika kwenye televisheni, maonyesho makubwa ya biashara ya Pazhou yalikuwa yanaelekea ukingoni na mji umejaa wageni. Niliwahi jikoni asubuhi moja nikamsikia Maman Clémence akinong'ona kwenye simu na dada yake, "Ndiyo, tuko naye humu, Mexicaine. Batu banasema magonjwa inatoka ku nchi yake. Lakini huyu hata kikohozi hana, iko pamoja na sisi mwaka muzima!" Aliponiona akakata simu, akakuna kichwa kwa aibu. Remedios mwenyewe alikuwa akichovya mkate kwenye kahawa. "Miye sijafika Mexico tangu Agosti," alisema. "Hiyo homa ikitaka kunipata ipande ndege." Tulicheka, tena sana. Wiki ile ile laobani wa duka la zipu, yaani mwenye duka, mzee aliyemuuzia miezi tisa na kumpa chai kila siku, alimwona anakuja akashusha shata la mlango nusu na kumpungia mkono wa kumfukuza.

Walikuja mchana kweupe, siku ya tatu baada ya hapo. Niliona kila kitu kupitia upenyo wa mlango wa bafu. Walikuwa watano, wanne wamevaa nguo nyeupe kutoka unyayoni hadi utosini, macho tu yanaonekana, na polisi mmoja amebaki kwenye ngazi. Walimpima joto. Msichana akalisoma kwa sauti na hata mimi niliyekuwa bafuni nilijua ni joto la mtu asiyeumwa. Remedios akafungua pasipoti, akaweka kidole juu ya muhuri wa kuingia, Agosti, akakigonga hapo mara tatu kama anayemfundisha mtoto kusoma. Hawakutazama muhuri. Walikifunga kijitabu wakatazama gamba. Samaki mmoja akioza wote wameoza: hiyo ndiyo sayansi waliyokuja nayo, na niliitambua, kwa sababu ndiyo waliyotutumia sisi barabarani mwaka mzima bila kuvaa nguo nyeupe. Mkubwa wao akasema amri ni ya wote wenye pasipoti hii, siku saba hotelini. Maman Clémence, ambaye karatasi zake zilikuwa safi, alibishana kwa Kifaransa, lugha ambayo hakuna aliyeielewa, mpaka sauti ikamkauka.

Ndipo Remedios akageuka kuelekea bafuni, akasema kwa Kiswahili, polepole, "Nakunda, kuya. Waambie niko hapa tangu Agosti. Weye unajua Kichina."

Nilikijua. Kichina changu kilikuwa cha soko, cha bei na cha kesho, lakini sentensi hiyo nilikuwa nayo nzima mdomoni. Mkononi sikuwa na viza. Nilisimama pale, ndoo imenigusa mguu, nikahesabu vigae vya ukutani. Alingoja. Alinipa muda wa kutosha, hilo siwezi kulikana. Kisha akaelewa, na sauti yake ikawa ile ya mwalimu anayemwambia mtoto aketi, hajambo, atajibu mwingine. "Basi, kaa. Lakini madaftari, hija. Madaftari." Hija kwao ni binti yangu. Wale watu nadhani walidhani anasali. Alivaa viatu bila kuvifunga, na yule msichana wa kipimajoto, ambaye umri wake haungezidi miaka ishirini na miwili, akapiga magoti na glavu zake akamfungia kamba, fundo mbilimbili. Wakashuka naye ghorofa saba kwa miguu.

"Toka," Maman Clémence aliniambia nilipofungua mlango. "Saa nane banarudia kupuliza dawa, na bapolisi, na kuandika majina ya wote." Nikayakusanya madaftari manane chini ya godoro lake, nikayatia kwenye mfuko mweusi, nikashuka. Kila gamba lilikuwa na jina la Remedios na la mji wake, kwa herufi kubwa nzuri za ubao. Kufika kwenye daraja la waenda kwa miguu nikaona sare mbili upande wa pili. Nimejiambia miaka yote kwamba wakati ule niliwaza kuyaokoa madaftari. Ukweli ni kwamba niliwaza kujiokoa nisikutwe nayo. Mwafrika bila viza, mkononi ana jina la mgonjwa wa Mexico. Nikageuza nikaingia stoo ya kufungia mizigo nyuma ya barabara ya Zhanxi, ambako katoni zangu za mabuti ya kike zilikuwa wazi zikisubiri kontena la jioni. Nikayakunja madaftari, moja kwa kila buti, mabuti manane, pale ambapo huwa tunashindilia karatasi ili shingo ya buti isilale. Nikafunga kwa gundi. Nikaandika kwa kalamu nene, NAKUNDA SAME VIA DSM. Nakumbuka moyo wangu ulivyotulia. Mzigo ndio salama.

Alinipigia siku ya nne kwa simu ya hoteli. Chakula kizuri, alisema, ila dirisha halifunguki, na mtu anaacha sahani mlangoni na kukimbia. Hakunilaumu. "Madaftari?" akauliza. Niliogopa kwamba kuna anayesikiliza, nikaogopa kutaja stoo. "Tutaongea, Mwalimu," nikamwambia. Hatukuongea tena kwa sauti. Serikali yake ilituma ndege kuwachukua watu wake waliofungiwa, akapandishwa na nguo alizokuwa nazo, mwanamke mzima asiye na hata chafya. Mimi niliishi kwenye vitanda vya watu hadi Oktoba, nikajisalimisha, wakanipiga muhuri na kunirudisha nyumbani. Katika miezi hiyo yote nilimpigia shemeji yangu Elinami, mpokeaji wangu Kariakoo, mara nyingi, nikamweleza rangi za viatu, namba, na nani apewe nini. Kilichokuwa ndani ya mabuti sikukitaja. Nilisahau. Nimetafuta neno zuri zaidi la kuwekea hapo na sikulipata.

"Mabuti yalikwenda haraka," Elinami aliniambia kwa furaha nilipofika stoo, hata begi sijaweka chini.

"Na yaliyokuwa ndani?"

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya mabuti, shemeji."

"Makaratasi ya kujazia? Nilimpa mama wa karanga. Si ndiyo siku zote?"

Ndiyo siku zote. Mimi mwenyewe nilianzisha utaratibu huo. Nilivuka barabara nikikimbia. Mama wa karanga alikuwa mahali pake, na sinia lake, akikunja vikoni vya karatasi vya kutilia karanga kwa vidole vilivyozoea. "Yale mazuri sana, mwanangu," alisema nilipomuuliza. "Yameandikwa kwa penseli, wino hautoki, hauchafui karanga. Yamekwisha zamani. Ukipata mengine niletee." Akafukua chini ya beseni akanipa karatasi mbili zilizobaki, zina mafuta na chumvi. Moja ilikuwa orodha ya zamu za maji, Jumatatu hadi Jumapili. Ya pili ilikuwa mchoro wa kibao kile cha mboga, mlima wenye safu za nyumba, na pembeni, kwa Kiswahili, maneno matatu: jicho la maji. Nililia pale barabarani kwa sauti. Watu walidhani nimeibiwa, wakanizunguka wakiuliza mwizi ameelekea wapi.

Jioni ile nilimwandikia Remedios. Nilikuwa na ukweli na nilikuwa na uongo, na uongo ulikuwa umekwisha kujengewa nyumba: nguo nyeupe, dawa, polisi, amri. Nikaandika kwamba walirudi saa nane wakachoma kila kitu. Alijibu neno moja, "Nilijua." Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na sita. Kila Krismasi aliniletea salamu na laana mpya kwa wachomaji, nami niliitikia amina. Nilisimulia kanisani, nilisimulia harusini, watu wakasonya, wakatikisa vichwa, na mimi nikapandwa na hasira kila mara, hasira ya kweli kabisa. Moto ndio haukuwepo. Kibaya kuliko vyote ni kwamba alijaribu kuandika upya. Aliniambia zamu za maji zinamchanganya, hakumbuki Alhamisi ni ya mtaa upi. Jibu lilikuwa kwenye kabati langu, ndani ya Biblia, na sikulituma, kwa sababu karatasi ile isingeweza kufika kule bila kusema imetoka wapi. Nilimwacha mzee apapase gizani ili mimi nibaki mtu mzuri. Waliomchukua walimkosea, na sitawasafisha. Kumfungia mtu kwa gamba la pasipoti ni ushenzi, ufanyike China au ufanyike hapa kwetu. Lakini daftari lake hawakuligusa. Serikali ilisema ni mvua, kisha ikasema ni korongo, mimi nikasema ni moto. Sasa wanataka kuchonga neno langu kwenye jiwe.

Nimemjibu Lucía jana. Nimemwambia amzuie fundi. Nimemwandikia kuhusu mabuti, Elinami, karanga, na bafu. Karatasi mbili nimezipeleka posta mwenyewe, kwa rejista. Kisha nikachukua daftari la shule na kalamu ya risasi, nikaegemeza kibao cha kukatia mboga kwenye sufuria, nikapanga maharage, nikaanza kuandika nilichokisikia kwa sikio moja. Jicho la maji juu. Zamu. Mgodi, mitungi, lango, bomba. Nilipofika mtaa wa chini niliweka maharage kumi na nne ukingoni nikaanza kuyataja. Fundi viatu kiziwi, mlango wa kijani. Dada wawili wa mikate. Mkunga na mbuzi wake. Mpiga kengele. Mjane aliyeuza mishumaa. Mzee wa tarumbeta aliyelala na buti. Familia ya mapacha. Mwalimu wa kwanza wa mji. Bibi aliyekataa kuhama. Nilikaa mpaka jogoo wa jirani akawika, nikijaribu kuisikia sauti yake juu ya ile meza ya plastiki. Nyumba tisa nimeziandika. Baada ya hapo nimeacha mistari mitano mitupu, na pembeni yake nimeandika jina langu.